Tunaulizia Ukoo, Hatuulizii Damu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanaadamu kwa maji dhaifu, kisha akamjaalia kuwa na jamaa wa nasaba na jamaa wa ukwe. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na ahali zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu Waislamu, katika mwezi mmoja tuliletewa mashauri mawili hapa Machakos, na kila tulipoyafikiri tuliona kwamba ni shauri moja lenye nyuso mbili. Kwa kuwa mambo haya yamo katika nyumba nyingi za watu wetu, huku barani na huko pwani, tumeona ni wajibu kuyaandika, bila ya kumtaja mtu wala nyumba.

Shauri la kwanza ni hili. Kijana mmoja wa Kikamba, ambaye babake alisilimu na yeye akazaliwa katika Uislamu, alileta posa katika nyumba moja ya watu wenye asili ya pwani, waliokaa mji huu tangu zama za babu zao. Kijana ana dini, ana kazi ya halali, haikosi sala ya jamaa, na Qur'ani aisoma vizuri kuliko vijana wengi wa nyumba hiyo yenyewe. Binti ameridhika naye. Wazee wamekataa. Walipoulizwa sababu, walijibu neno moja tu: "Hatujui asili yake. Si kufu yetu."

Shauri la pili ni la mume na mke, watoto wa ndugu wawili, ambao ukoo wao wajulikana juu na chini. Wana mtoto wa miaka minne. Mtoto huyo huvimba vidole, hulia usiku kwa maumivu ya mifupa, na macho yake hugeuka manjano. Baridi ya Machakos ya mwezi wa Julai ikiingia, hali yake huzidi. Wakampeleka hospitali, damu ikapimwa, wakaambiwa kwamba ana ugonjwa wa selimundu. Walipofika nyumbani mume akamgeukia mkewe akasema: "Ugonjwa huu umetoka kwa mamako. Kwetu sisi haupo." Tangu siku hiyo likaanza kutajwa neno la talaka.

Na hapa hapana budi tulikiri kosa letu. Nikaha ya watu hawa wawili tuliifunga sisi wenyewe. Tuliuliza juu ya walii, tukauliza juu ya mashahidi, tukauliza juu ya mahari. Tukatoa hotuba, na halua ikaliwa. Tena tukawasifu kwa kuoana wao kwa wao, na kwa kuwa nasaba yao haikuchanganyika. Haikutupitia hata mara moja kuuliza juu ya damu iliyomo miilini mwao.

Basi swali letu leo ni hili: Mtu hurithi nini khasa kwa wazee wake? Na katika hayo anayoyarithi, ni lipi linalostahiki kuulizwa kabla ya ndoa, na ni lipi linalostahiki kuachwa?

Vipi mtoto hurithi

Mwili wa mwanaadamu umejengwa kwa chembe ndogo mno ziitwazo seli. Ndani ya karibu kila seli mna uzi mwembamba ambao, lau ungenyoshwa, ungefika urefu wa kama mita 2. Wataalamu huuita kwa herufi tatu, DNA, na katika Kiswahili umepewa jina la vinasaba. Hilo ni jina zuri, kwani limetoka katika neno letu wenyewe, nasaba. Umbo la uzi huo ni kama ngazi ya kamba iliyosokotwa. Lilijulikana mwaka 1953 kwa kazi ya James Watson na Francis Crick huko Cambridge, na walitegemea picha za miale zilizopigwa London na Rosalind Franklin pamoja na mwanafunzi wake.

Ngazi hiyo imeandikwa kwa herufi nne tu, A, T, G na C. Daima A hukabiliana na T, na G hukabiliana na C. Kwa hivyo ngazi ikipasuliwa katikati kwa urefu wake, kila upande waweza kuundiwa mwenziwe tena bila ya kukosea, na uzi mmoja ukawa nyuzi mbili zilizo sawa. Hivyo ndivyo khabari iliyoandikwa humo inavyonakiliwa seli inapogawanyika, na hivyo ndivyo inavyotoka kwa mzazi ikamfikia mtoto.

Wala msistaajabu kwamba herufi nne zatosha. Kiarabu kina herufi 28, na kwa hizo zimeandikwa maktaba nzima. Katika vinasaba vya mtu mna herufi kama bilioni 3 alizozipokea kwa babake, na nyingine kadiri hiyo alizozipokea kwa mamake. Kila herufi tatu huwa ni kama neno, na kila neno huiamuru seli iongeze kitu fulani katika mnyororo uitwao protini. Protini hizo ndizo zinazojenga nyama, ndizo zinazobeba pumzi katika damu, na ndizo zinazotengeneza rangi ya ngozi na ya macho. Fungu moja la maneno hayo, lenye kazi yake makhsusi, huitwa jeni.

Uzi wote umefungwa katika vipande 46 viitwavyo kromosomu. Vipande 23 vimetoka kwa baba na 23 vimetoka kwa mama, kila kimoja na mwenziwe. Kwa hivyo karibu kila jeni mtu anayo mara mbili. Lakini yeye naye anapopata mtoto, hampi zote mbili. Humpa moja tu, na hapana mtu achaguaye ni ipi. Ndiyo sababu watoto wa tumbo moja hawafanani: huyu kachukua pua ya babake, na yule kachukua pua ya bibi yake mzaa mama. Wote ni wa baba mmoja na mama mmoja, illa kila mmoja amegawiwa fungu lake.

Tena iko jeni inayoonekana na iko inayojificha. Mtu aweza kuichukua jeni maisha yake yote isimdhuru wala isionekane, kisha ikamtokea mjukuu wake. Kawaida hii ilitangazwa mwaka 1866 na Gregor Mendel, mtawa wa Kikristo wa mji wa Brno, aliyekaa miaka akizipandanisha kunde za kizungu na kuzihesabu mbegu zake, zenye mikunjo na zilizo laini.

Hapa tunaikumbuka khabari waliyoipokea Bukhari na Muslim kwa Abu Huraira (R.A.). Bedui mmoja alimwendea Mtume (S.A.W.) akamwambia kwamba mkewe amezaa mtoto mweusi, na maneno yake yalikuwa na harufu ya kumtuhumu mke. Mtume akamuuliza juu ya ngamia wake na rangi zao. Akasema ni wekundu. Akamuuliza kama yumo mwenye rangi ya kijivu. Akasema yumo. Akamuuliza rangi hiyo imetoka wapi, na bedui akajibu mwenyewe kwamba labda ni asili ya nyuma iliyomvuta. Basi Mtume akamjulisha kwamba na mtoto wake huenda amevutwa vivyo hivyo. Sisi hatusemi kwamba Mtume alikuja kutufundisha kazi ya maabara, wala hatupendi mtindo wa kuitafutia dini ushahidi katika kila jambo jipya. Twasema kwamba alimfundisha mume asimdhulumu mke kwa jambo ambalo hakulijua. Na fundisho hilo lahitajiwa Machakos leo kama lilivyohitajiwa Madina siku ile.

Nasaba tunayojivunia

Sasa na tulitazame shauri la kwanza. Wazee wasema kwamba hawamjui asili yake kijana. Sisi twauliza: Je, nyinyi mwajua asili yenu?

Mtu ana wazee 2. Kila mmoja wao alikuwa na wazee 2, basi mababu na mabibi ni 4, na walio juu yao ni 8, na hivyo hivyo. Kizazi cha kumi kwenda juu, yaani kiasi cha miaka 250 au 300, pana nafasi 1,024. Mkijumlisha vizazi hivyo kumi, nafasi ni 2,046. Ni kweli kwamba kwa kuoana jamaa, mtu mmoja aweza kukaa nafasi mbili au tatu. Lakini yule anayejivunia silsila yake, akataja baba, na baba wa baba, mpaka wa kumi, amewataja watu 10 tu katika nafasi 2,046. Waliobaki hakuwataja, na wengi wao hata majina yao hayajui. Nao ndio waliomfanya awe alivyo, kama walivyomfanya hao kumi.

Iko kromosomu moja, iitwayo Y, ambayo baba humpa mwanawe mwanamume peke yake, na huyo humpa mwanawe. Hiyo ndiyo inayofuata silsila ya mababa. Nayo ni kipande kimoja katika 46. Iko na sehemu nyingine ndogo ya vinasaba, nje ya kiini cha seli, ambayo kila mtu huipokea kwa mamake tu, na mama huyo kwa mamake. Sehemu hiyo yafuata silsila ya mama, ambayo vitabu vyetu vya nasaba mara nyingi haviiandiki.

Lakini sasa imeanza kusomwa. Mwezi wa Machi 2023, katika jarida liitwalo Nature, kundi kubwa la wataalamu, ambamo yumo Mkenya Chapurukha Kusimba, lilitangaza lililoyaona katika vinasaba vya watu 80 wa zamani. Wengi wao walizikwa baina ya mwaka 1250 na 1800 katika miji ya pwani, kama Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa na Songo Mnara. (Juu ya kufukua makaburi kuna maneno ya kisheria, nasi hatutaki kuyaingia leo.) Waliona kwamba wengi katika watu hao wa miji zaidi ya nusu ya vinasaba vyao ni vya Kiafrika, na hivyo vimetoka zaidi kwa wanawake. Sehemu nyingine kubwa ni ya Asia, na hiyo imetoka zaidi kwa wanaume wa Uajemi, pamoja na kiasi cha Uhindini. Kuchanganyika huko kulianza kiasi cha mwaka 1000, zama zile zile Uislamu ulipokuwa ukienea pwani. Baada ya kiasi cha mwaka 1500, fungu la Asia likazidi kutoka Bara Arabu.

Basi wazee wetu waliotuhadithia kwamba wako waliokuja kutoka Shirazi hawakusema uwongo. Lakini hadithi yao ilikuwa nusu. Ilimtaja aliyekuja na jahazi, ikamsahau aliyempokea ufukoni. Jahazi ilileta wanaume. Bibi zetu walikuwapo hapa hapa. Bibi huyo ndiye aliyezaa, ndiye aliyenyonyesha, ndiye aliyewafundisha watoto lugha hii tunayoiandika, ambayo sarufi yake ni ndugu na sarufi ya Kikamba. Sisi husema mtu, watu. Mkamba husema mundu, andu. Anayemdharau mtu kwa kuwa asili yake ni ya bara, asidhani kwamba amewadharau watu wa mbali. Amemtukana bibi yake.

Wala Wakamba hawakuanza jana kujuana na pwani. Mji huu umepata jina lake kwa Masaku, mzee wa Kikamba. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilikuwa ikishuka Mombasa na pembe za ndovu, na mkubwa wao mmoja, Kivoi, alijulikana sana huko. Baadaye misafara ya kutoka pwani kwenda Uganda ilikuwa ikipumzika hapa, kabla ya reli kufika Nairobi mwaka 1899. Babu za hao wazee waliokataa posa walikuja kwa njia hiyo, wakapewa maji na chakula na wenyeji, wakapewa na mahali pa kujenga. Hatukusikia kwamba siku ile waliuliza juu ya kufu.

Huenda mtu akatwambia: "Nyinyi ni watu wa Shafii, na katika vitabu vyenu ukufu wa nasaba umetajwa." Jawabu yetu ni kwamba ni kweli, umetajwa, wala hatuufichi, kwani mwenye kuficha elimu ana dhambi. Lakini wanavyuoni hao hao wamebainisha kwamba ukufu ni haki ya mwanamke na mawalii wake. Si sharti ya kusihi kwa ndoa. Mwenye haki aweza kuiacha, na akiiacha kwa ajili ya mtu wa dini, amefanya jambo jema. Na Imamu Malik alishika kwamba asili ya ukufu ni dini. Fatima binti Qays, naye ni Mkureshi, alipotaka shauri kwa Mtume juu ya wachumba wake, Mtume alimwelekeza kwa Usama bin Zaid, aliyekuwa mtoto wa mtumwa aliyeachwa huru. Mwanzo hakupenda. Kisha akatii, na akashuhudia mwenyewe kwamba Mwenyezi Mungu alimtilia kheri katika ndoa ile mpaka akaonewa wivu.

Na Usama huyu ana khabari inayofungamana na maneno yetu. Yeye alikuwa mweusi sana, na Zaid, babake, alikuwa mweupe. Mamake alikuwa Ummu Ayman, mwanamke wa Kihabeshi. Watu wakawa wakisema sema. Siku moja baba na mwana walikuwa wamelala, wamejifunika vichwa, miguu iko nje. Akapita Mudliji mmoja aliyekuwa hodari wa kutambua nasaba kwa viungo, akaitazama miguu ile, akasema kwamba imetokana, huu kwa huu. Mtume akafurahi mpaka uso ukamng'ara. Rangi iliwadanganya watu, na mguu ukasema kweli. Leo twajua kwamba rangi ya ngozi haiandikwi na jeni moja. Huandikwa na jeni nyingi, na kila mtoto huzipata kwa mchanganyiko wake. Kwa hivyo rangi ni ushahidi dhaifu mno wa kumhukumia mtu.

Hatusemi kwamba nasaba si kitu. Sheria imeihifadhi nasaba, ikajenga juu yake mirathi, na umahram, na kuunga kizazi. Sura ya Hujurat, aya ya 13, imetufahamisha kwamba mataifa na makabila yamewekwa ili watu wajuane, na kwamba mbora ni mchamungu. Nasaba basi ni ya kumjua mtu ili umtendee haki yake. Aliyeifanya ngazi ya kuwapandia wenziwe ameitumia kwa jambo ambalo hakupewa kwalo. Mtoto wa Nabii Nuhu hakuokolewa na baba, wala Abu Lahabi hakuokolewa na mtoto wa nduguye.

Nasaba tusiyoiuliza

Sasa tuje katika shauri la pili, na hapa ndipo penye ajabu. Wale wale wanaochunguza vizazi saba vya mchumba hawachunguzi jambo moja ambalo kweli hurithiwa, na ambalo kweli laweza kumuumiza mtoto.

Ndani ya chembe nyekundu za damu mna protini iitwayo hemoglobini, ndiyo inayobeba hewa tunayoivuta na kuifikisha mwilini. Mmoja katika minyororo yake una pete 146. Kwa baadhi ya watu herufi moja ya vinasaba imebadilika: palipokuwa na A pamekuwa na T. Kwa herufi hiyo moja pete ya 6 imekuwa nyingine, na kwa pete hiyo hemoglobini hushikana na kuganda, na chembe ya damu, ambayo asili yake ni duara, hupindika kama mundu. Chembe hizo huziba mishipa myembamba, na huvunjika upesi. Ndiyo yale maumivu ya mifupa, na kuvimba kwa vidole, na manjano ya macho. Herufi moja katika bilioni 3! Anayejua kuandika hastaajabu. Andika kufu, kisha ibadili herufi moja ya mwisho, utasoma kufa.

Mtu aliyeipata herufi hiyo kwa mzazi mmoja tu, na kwa mzazi wa pili akapata iliyo nzima, kwa kawaida haumwi. Yeye ni mchukuzi, wala hajijui mpaka apimwe. Ugonjwa huu huja mtoto anapoipokea kwa wote wawili.

Tufanye mfano wa kete. Baba ana kete mbili mkononi, moja nzima na moja ina ufa. Mama naye ana mbili kama hizo. Kila mmoja atoe moja bila ya kutazama. Zaweza kutoka nzima mbili, na mtoto akawa salama kabisa. Yaweza kutoka nzima ya baba na yenye ufa ya mama, au yenye ufa ya baba na nzima ya mama, na mtoto akawa mchukuzi kama wazee wake. Na zaweza kutoka zenye ufa mbili, naye ndiye mgonjwa. Njia ni nne, na ya ugonjwa ni moja katika hizo. Na kila mimba ni mchezo mpya: aliyepata mtoto mgonjwa hawezi kusema kwamba watatu wanaofuata watakuwa wazima.

Tumeambiwa kwamba huu ni ugonjwa wa laana. La, hasha! Mtaalamu Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alizipima damu za watu wa nchi hii mwaka 1949. Akaona kwamba miongoni mwa makabila yaliyo karibu na pwani na yaliyo karibu na ziwa la Nyanza, wachukuzi wa herufi hii walizidi watu 20 katika kila 100, na katika nyanda za juu na nchi kavu zilizo katikati hawakufika hata 1 katika 100. Akajiuliza sababu, na mwaka 1954 akatangaza jawabu: ni malaria. Mtu aliye na herufi hiyo moja ana kinga kubwa ya malaria kali. Penye mbu wengi, waliokuwa nayo waliishi wakazaa, na wasiokuwa nayo walikufa wengi wangali wachanga. Yaani herufi hiyo ni silaha iliyowaokoa bibi zetu, illa silaha hiyo ikikutana na ya pili humkata mtoto wa mwenyewe. Wala si ya watu weusi peke yao. Imo mashariki ya Bara Arabu, imo Omani, na imo Uhindini.

Basi zingatieni, enyi wazee. Mnamkataa mtu wa nyanda za juu kwa kuiogopea damu yenu, na herufi ambayo ingefaa kuogopwa ilikuwa nyingi kwetu sisi watu wa pwani! Hatusemi hivi ili tugeuze dharau upande wa pili. Watu wamehama na wamechanganyika, na leo kabila la mtu halitwambii lililomo damuni mwake. Kipimo ndicho kinachotwambia, mtu mmoja mmoja.

Na waoanao jamaa wana jambo lao la kuangalia. Sheria imehalalisha mtu kumuoa binti wa ami yake, nasi hatuwezi kukiharamisha alichokihalalisha Mwenyezi Mungu. Lakini watoto wa ndugu wawili wana babu mmoja na bibi mmoja, na herufi iliyojificha kwa babu huyo yaweza kuwa imewafikia wote wawili. Kwa hivyo wao ndio wenye haja zaidi ya kupimwa kabla ya nikaha.

Wanaopinga

Yuko atakayesema: "Kupima damu ni kukosa kumtegemea Mungu. Lililoandikwa litakuwa." Huyu na aikumbuke safari ya Sayyidna Umar (R.A.) kwenda Shamu. Alipofika Sargh akapata khabari ya tauni, akaamua kurudi. Abu Ubaida akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akamjibu kwa maana ya kwamba kurudi kwake nako ni kadari ya Mungu vile vile, akampigia mfano wa mchunga ngamia mwenye bonde lenye majani na bonde kavu: popote atakapochunga, amechunga kwa kadari. Basi anayepima kadhalika.

Yuko mwengine atakayesema: "Binti yetu akionekana ni mchukuzi, nani atamposa?" Hofu hii ni ya kweli, nasi hatuicheki. Lakini aibu hii tumeitengeneza sisi, na sisi twaweza kuiondoa. Mchukuzi si mgonjwa, wala hana kosa. Lenye kuangaliwa ni wachukuzi wawili kukutana. Tena majibu ya hospitali ni amana. Mwenye kuyatangaza mtaani ni mfanya khiana. Na wachukuzi wawili wakipendana baada ya kujua, ndoa yao si haramu. Huko Saudia, tangu mwaka 2004, wachumba wote hutakiwa wapimwe kabla ya kuoana, kisha huachiwa khiari yao. Jambo ni kwamba waingie macho wazi, wajue watakalokutana nalo.

Nasaha

Kwanza, kabla ya posa kutangazwa, wachumba wote wawili wapimwe damu, mwanamume na mwanamke, bila ya kumtazama nani ametoka wapi. Ipo khabari kwa Ibn Majah ya kututaka tuchague vyema mahali pa kuweka mbegu zetu. Wanavyuoni wamesemezana juu ya isnadi yake, lakini maana yake leo imezidi kuwa wazi.

Pili, sisi tunaofunga nikaha tuulize swali hilo kama tunavyouliza juu ya walii na mashahidi. Sisi wenyewe tumeanza.

Tatu, mwenye mtoto mgonjwa asikate tamaa, wala asimtembeze kwa waganga. Mtoto huyu ahitaji maji mengi, akingwe na baridi, na akingwe na malaria, kwani mwenye herufi mbili hana kinga ile ya mwenye moja, na malaria kwake ni khatari kubwa. Iko na dawa iitwayo haidroksiyurea, ambayo madaktari huitoa kwa kipimo chao, nayo hupunguza maumivu.

Nne, mume asimtukane mke, wala mke asimtukane mume. Mtoto mwenye ugonjwa huu amepewa na wawili. Kutoa talaka kwa sababu hiyo ni kumwadhibu mmoja kwa jambo la wote wawili, na kumwongezea mtoto mgonjwa uyatima wa wazazi walio hai.

Yule mume tulimwita msikitini baada ya sala ya isha, tukamfanyia mfano ule wa kete. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza: "Basi na mimi nimempa?" Tukamwambia: Naam, nusu kwa nusu. Akainama. Mkewe yuko nyumbani mpaka leo, na mtoto wanampeleka hospitali wote wawili.

Ama yule kijana wa Kikamba, angali anangoja jawabu. Tumewaomba wazee wa binti wayaache maswali waliyoyauliza, na badala yake waulize juu ya dini yake, na tabia yake, na cheti cha damu yake pamoja na cheha ya damu ya binti yao. Wakiona hayo ni mema, wasimnyime. Twamwomba Mwenyezi Mungu aifungue mioyo yao na mioyo yetu, na awaponye watoto wetu. Na Yeye ndiye Mjuzi zaidi.

Wassalaam.